Je, tangazo la kulipia mbofyo bado linamlipa dalali wa mtandaoni? Hesabu kwa mfano wa Kilwa na Mikindani

Vijana wengi wa hapa Mtwara wanaojaribu udalali wa mtandaoni huniuliza swali moja: nikimlipa Google ili watu waione linki yangu, hela itarudi? Inarudi, ila kwa njia nyembamba kuliko ile mnayoonyeshwa na wauza kozi. Kununua mbofyo na kumtupa mteja moja kwa moja kwenye linki ya kampuni kumeshazibwa. Anayebaki na nafasi ni mtu mwenye ukurasa wake, mwenye jambo la kumwambia mteja ambalo muuzaji hakulisema, na anayejua kwa senti mbofyo mmoja unamwingizia nini.

Kwa mgeni wa mambo haya: kampuni inakupa linki yenye alama yako, mtu akinunua kupitia linki hiyo unapata kamisheni. Tangazo la kulipia mbofyo ni lile unalotozwa kila mtu anapolibofya. Amazon walianza mpango wao mwaka 1996. Biashara ya kuuza mibofyo ya utafutaji kwa mnada ilianza 1998 na GoTo.com ya Marekani. Google wakaja na AdWords mwaka 2000, wakaingia kwenye mnada wa mibofyo 2002, na tangu 2018 jina ni Google Ads. Pigo la kwanza kwa madalali lilikuja 2005, Google waliposema kila utafutaji utaonyesha tangazo moja tu kwa kila anwani ya tovuti. Madalali kumi waliokuwa wakielekeza watu kwenye duka lile lile, akabaki mmoja.

Mfano wangu hapa ni vyumba vya hoteli za Kilwa na Mikindani, kupitia mpango wa udalali wa tovuti ya kubuku vyumba.

Hatua ya 1: Tafuta mnunuzi anayelipia mtandaoni

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishapamba moto, gesti za Mtwara, Newala na Tandahimba zinajaa. Usikimbilie kuweka tangazo la vyumba hapo. Mfanyabiashara wa korosho anampigia mwenye gesti, anaulizia maji na pa kuegesha gari, anatuma hela kwa simu, amemaliza. Linki haijaguswa, kamisheni hakuna.

Mteja wako ni yule Mjerumani au Mwingereza aliye kwao, mwenye kadi, anayetaka kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, na hana namba ya simu ya mtu hata mmoja Kilwa Masoko. Ukitaka kuwalenga Watanzania wenzako, chagua kitu ambacho wao hukilipia mtandaoni: jina la tovuti, hosting (nafasi ya kuhifadhia tovuti), programu ya kompyuta. Bidhaa za kushikika ni ngumu. Hata Jumia walifunga duka lao la mtandaoni Tanzania mwishoni mwa 2019.

Hatua ya 2: Soma masharti ya mpango kabla ya kuweka hata shilingi

Tafuta kipengele kinachohusu matangazo ya kulipia kwenye injini za utafutaji. Mipango mingi inakataza kununua jina la kampuni kama neno la utafutaji, na ukikamatwa kamisheni yote inazuiwa. Amazon hawaruhusu tangazo la utafutaji linalompeleka mtu moja kwa moja kwao. Lazima apitie kwenye tovuti yako kwanza. Kama hukuelewa kipengele, waandikie barua pepe uulize, na jibu lao ulitunze.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mbofyo mmoja

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo pana jibu la swali lenyewe.

Chukua mfano huu, namba ni za kujifunzia. Kamisheni ya wastani kwa chumba kimoja ni dola 9. Watu 100 wanabofya tangazo lako. Kati yao 40 wanasoma ukurasa na kubofya linki kwenda kwenye tovuti ya vyumba. Watatu wanabuku. Mmoja anaghairi kabla ya safari, na chumba kilichoghairiwa hakilipi. Wanabaki wawili: dola 18 kwa mibofyo 100, yaani senti 18 kwa mbofyo. Nikichukua dola moja kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi, hiyo ni shilingi 450.

Shilingi 450 ndio ukuta. Ukilipa 450 kwa mbofyo unafanya kazi bure; ukilipa 500 unamlipia mtalii safari. Mimi dau langu huwa theluthi mbili ya ukuta, hapa shilingi 300, kwa sababu kuna makato ya benki na ya kubadili fedha ambayo hayaonekani kwenye karatasi.

Sasa fungua akaunti ya Google Ads, nenda kwenye kifaa cha kupangia maneno ya utafutaji, uangalie bei inayokadiriwa. Ukikuta maneno yako yanauzwa shilingi 1,500, biashara imeishia hapo na hujapoteza kitu. Hoteli za Zanzibar zitakukatisha tamaa kwa namna hii, kwa sababu kule unashindana na tovuti kubwa za kubuku zenyewe. Kilwa na Mikindani wanaotafuta ni wachache, washindani pia wachache, na huo uchache ndio unaomfaa mtu mwenye mtaji mdogo.

Hatua ya 4: Jenga ukurasa unaosimama wenyewe

Google hukataa tangazo linalokwenda kwenye ukurasa ambao kazi yake ni kumsukuma mtu kwingine tu. Orodha ya hoteli tano zenye picha ulizonakili na kitufe cha kubuku ni ukurasa wa aina hiyo.

Sisi wa huku hapa tuna faida ambayo hatuitumii. Mwandishi aliye London hajui kwamba kibali cha kuingia magofuni kinakatwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka kwa mashua. Hajui hoteli ipi ina jenereta na ipi giza likiingia limeingia. Nenda ukaulize, upige picha zako, uandike bei kama ulivyoziona na tarehe. Eleza safari ya basi kutoka Dar es Salaam, na nani asijaribu kuifanya na watoto wadogo. Taja wazi kwamba unapata kamisheni. Ukurasa uwe mwepesi kwenye simu.

Kama wageni wako ni wa Ulaya, weka kisanduku cha kuomba ridhaa ya vidakuzi (cookies, yaani vifaili vinavyomfuatilia mgeni wa tovuti). Sheria zao za faragha zinataka hivyo.

Hatua ya 5: Fungua kampeni, uzime kilichowashwa bila kuulizwa

Kwanza uelewe mnada wenyewe. Kwenye mnada wa vyama vyetu vya ushirika, TANECU au MAMCU, mnunuzi mwenye bei ya juu anaondoka na korosho. Google hawaangalii bei peke yake: dau lako linapimwa pamoja na ubora wa tangazo na ukurasa, na mwenye dau la shilingi 300 aliyeandika vizuri anaweza kukaa juu ya mwenye 500. Unachotozwa ni kile tu kinachohitajika kumpita aliye chini yako, kwa hiyo mara nyingi ni pungufu ya dau.

Chagua kampeni ya utafutaji. Utasukumwa kwenye kampeni za kujiendesha zenyewe. Zikatae kwa sasa, zinahitaji taarifa nyingi za mauzo ambazo huna. Ondoa tiki kwenye mtandao wa mabango na kwenye tovuti washirika wa utafutaji. Kwenye eneo, chagua watu waliopo katika nchi unayolenga. Mpangilio unaokuja wenyewe huchanganya na watu wanaoonyesha kupendezwa na nchi hiyo, na mtu aliyeko Masasi anayesaka nafasi ya masomo Ujerumani anaweza kuhesabiwa humo. Sarafu ya akaunti ichague kwa makini, kwani ukishaiweka haibadilishiki.

Bajeti ya siku ukiweka shilingi 5,000, usishtuke siku moja ukikatwa 10,000. Google hujiruhusu hadi mara mbili kwa siku, mradi mwezi usizidi bajeti ya siku mara 30.4, yaani 152,000. Weka na tarehe ya mwisho. Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini na intaneti ya nchi ikasuasua, tangazo linalolenga Ulaya lingeendelea kutoza huku mwenyewe akishindwa hata kufungua akaunti alizime.

Hatua ya 6: Maneno ya kununua na ya kukataa

Nunua maneno ya mtu aliyekwisha kuamua kusafiri: hoteli za Kilwa Masoko, mahali pa kulala Mikindani, chumba karibu na ufukwe Kilwa, yote kwa Kiingereza au Kijerumani kulingana na nchi. Anza na ulinganifu kamili (tangazo litokee mtu akiandika neno lako lile lile au lenye maana hiyo) au wa kirai (akiandika sentensi yenye maana ya neno lako ndani yake). Ule mpana, unaoshika chochote kinachohusiana na neno lako, uache.

Sababu ya kuuacha utaiona ukinunua neno "Kilwa" peke yake. Kuna mji mwingine wa Kilwa huko Kongo. Kuna sarafu za kale za Kilwa zilizookotwa 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na wapenda historia bado wanazitafuta. Kuna wanafunzi wenye kazi ya shule kuhusu masultani. Wote hao watabofya, wote utawalipia, na hakuna anayetaka chumba. Kwa hiyo kwenye orodha ya maneno ya kukataa weka sarafu, historia, ramani, Kongo. Kwa Mtwara ongeza gesi, ajira, chuo, matokeo. Kwa Lindi ongeza dansi. Ile Lindy Hop ya Marekani haihusiani nasi, lakini mashine haijui hilo.

Kila baada ya siku mbili tatu fungua ripoti ya maneno ambayo watu waliyaandika kweli. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayoleta faida kuliko kubadilisha maandishi ya tangazo.

Maneno ya kuuliza habari yaepuke kwa sababu nyingine pia: tangu Mei 2024, wakianzia Marekani, Google huweka jibu lililoandikwa na akili mnemba juu ya matokeo. Anayetaka kujua Kilwa iko wapi ameshajibiwa.

Hatua ya 7: Fuatilia kwa alama

Huwezi kuweka kipimo cha Google kwenye tovuti ya kampuni, kwa hiyo Google haitajua nani alibuku. Fanya mambo mawili. Kwanza, hesabu kama tukio kila mtu anayebofya linki ya kutoka kwenye ukurasa wako. Pili, tumia nafasi ya alama ya ziada ambayo mipango mingi inakupa mwishoni mwa linki, na kila kundi la maneno liwe na alama yake. Mauzo yakija, ripoti ya kampuni itakuonyesha alama ipi imeleta mteja. Kila Jumatatu andika kwenye jedwali: gharama, mibofyo, waliotoka, waliobuku, walioghairi.

Hatua ya 8: Usikate mapema, usingoje mno

Kama kiwango cha kweli ni wateja wawili kwa mibofyo 100, bado kuna uwezekano wa karibu asilimia 13 kwamba mibofyo 100 ya kwanza haitaleta hata mmoja. Ikifika 150 uwezekano huo unashuka hadi karibu asilimia 5. Kwa hiyo jaribio langu ni mibofyo 150 kwa kundi la maneno. Kwa dau la shilingi 300, linagharimu 45,000. Ikiisha bila mteja, funga kundi hilo. Wakipatikana wawili au watatu, ongeza bajeti kidogo kidogo, dau usiliguse.

Jambo la mwisho ni mzunguko wa fedha. Google anakata kadi yako sasa. Kamisheni ya chumba hulipwa baada ya mgeni kulala na kuondoka, na kampuni nyingi zina kiwango cha chini kabla ya kukutumia chochote. Mjerumani anayebuku Februari kwa safari ya Agosti atakulipa Septemba au Oktoba. Hakikisha mapema kwamba njia yao ya malipo inapokea mtu wa Tanzania, na hela ya kampeni isitoke kwenye fungu la kupulizia mikorosho, maana dawa inahitajika Juni.