Mtego wa feromoni kwenye mizabibu: kuutega na kuusoma

Wengi wakishatundika huu mtego wanakaa wakisubiri uwamalize wadudu, hapana jamani, kazi yake ni kukuambia wamefika lini. Feromoni, yaani ile harufu iliyo kwenye chambo cha ndani ya mtego, ni ya jike anayeita dume, kwahiyo wanaonasa ni madume tu, majike na mayai yao wako huko nje kwenye vichala.

Kwanza jua unamtafuta nani. Chambo cha Lobesia botrana, nondo ambaye viwavi wake wanakula zabibu, hakimvuti kidung'ata, yule mdudu mdogo mweupe anayefyonza utomvu, kila mdudu na chambo chake na mtego wake.

Pili, vyambo viweke friza mpaka siku ya kutumia, na uvishike kwa glavu safi au kibano. Mimi nilishawahi kushika aina mbili kwa mkono uleule, nikaanza kukuta nondo nisiowaelewa mtegoni, harufu ilikuwa imehamia.

Tatu, tega mapema, mizabibu inapoanza kuchipua tu, ukichelewa umeshakosa nondo wa kwanza na hao ndo wa maana kuliko wote. Tundika usawa wa vichala, majani yasizibe mlango. Mmoja pembeni mwa shamba, mwingine ndani.

Nne ni kuhesabu, hapa ndo watu wanachoka. Pita angalau mara moja kwa wiki, mwanzoni mara mbili, andika tarehe na idadi halafu watoe wote uliowahesabu, la sivyo wiki ijayo utawahesabu tena. Kama ni kidung'ata beba lenzi, dume lake ni kadudu kadogo sana kenye mabawa, halifanani kabisa na lile jike jeupe. Gundi ya mtego inayonasa wadudu ikijaa vumbi badilisha hata kama haijanasa kitu. Chambo vingi vinadumu wiki 4 hadi 6, soma pakiti, na cha zamani usikitupe shambani maana kitaendelea kuvuta madume mbali na mtego wako.

Ukishaona madume wa kwanza, anza kukagua vichala kutafuta mayai. Usikimbilie kupiga dawa eti kwasababu mtego umejaa, idadi ya madume haisemi moja kwa moja zabibu zitaharibika kiasi gani, hilo unalipata kwenye vichala vyenyewe. Na kama shamba limewekwa feromoni nyingi za kuwachanganya madume wasiwapate majike, mtego mtupu usikudanganye, huenda dume kashindwa kuuona tu, kagua vichala hivyohivyo.