Namna ya Kunufaika na Uhandisi wa Mlimani: Mwongozo kwa Anayeanza Mwaka wa Kwanza

Anayechaguliwa kusoma uhandisi Mlimani, yaani katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hupongezwa na ukoo mzima, naye huondoka nyumbani akiamini kwamba sehemu ngumu imekwisha, kwa kuwa amefaulu Fizikia na Hisabati ya kidato cha sita. Mimi nilisoma pale, na tangu nihitimu nimewapokea kazini vijana wengi wanaokuja kwa mafunzo kwa vitendo. Nimeona kwamba mhitimu anayekabidhiwa kazi bila wasiwasi hutofautiana na mwenye cheti tu kwa jinsi alivyotumia karakana na wiki zake za mafunzo, kuliko kwa alama za mitihani. Haya ninayoyaandika yanahusu hilo peke yake.

Inafaa uanze kwa kujua kitivo hiki kiliundwa kwa ajili gani. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, kijana wa Tanganyika aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, kama vile aliyetaka udaktari alivyokwenda Makerere, huku Dar es Salaam ikifundisha sheria. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea mwaka 1970, nchi ilikuwa inajengewa reli ya TAZARA na mitambo ya umeme ya Kidatu, nayo haikuwa na mahali pake pa kumfunza mhandisi. Kitivo cha Uhandisi kikafunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Jamhuri ya Shirikisho ya Ujerumani. Mwaka 2001 kiliunganishwa na taasisi ya chuo iliyokuwa ikibuni mashine na mbinu za uzalishaji, na kuanzia 2005 kikawa Ndaki (yaani koleji ndani ya chuo kikuu) ya Uhandisi na Teknolojia kamili. Wazee wa zamani bado hukiita Kitivo. Kwa maoni yangu, mafanikio yake makubwa ni kwamba nchi iliyokuwa ikiagiza wahandisi sasa ina walimu wa wahandisi: Profesa Burton Mwamila, aliyeiongoza Ndaki hii, ndiye aliyekuja kuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Mafanikio ya namna hiyo hayarithiwi kwa kukaa ukumbini na kunakili maandishi ya ubaoni.

Ukifika karakana, usiione kama adhabu ya mwaka wa kwanza. Utapewa kipande cha chuma na tupa, uambiwe ukisawazishe mpaka nyuso zake zilingane na pembe ziwe za nyuzi 90. Kazi hiyo huonekana ya kitoto kwa mtu aliyekwisha kujua kalkulasi, lakini ifanye kwa utulivu. Simama mbele ya jiliwa, kile kibano cha mezani kinachoshikilia chuma, ambayo mdomo wake uko usawa wa kiwiko chako, sukuma tupa kwa uzito wa mwili unapokwenda mbele, kisha iachie bila kukandamiza unaporudi, kwa sababu meno yake hukata upande mmoja tu. Kila baada ya muda weka kipimo cha pembe mraba juu ya uso wa chuma na uinue vyote viwili kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya katikati, umechimba bonde. Ukipenya pembeni, mikono yako imekuwa ikiyumba kama bembea, na hilo ndilo kosa la karibu kila anayeanza. Aliyehangaika siku tatu kuondoa sehemu ndogo ya milimita hatakuja kuchora mchoro unaodai usahihi wa kupita kiasi mahali pasipohitajika, kwa kuwa anajua usahihi huo unamgharimu nini fundi. Mafundi wa karakana ndio walimu wako hapo. Wape shikamoo wanaostahili, waite fundi kwa heshima, na uulize kabla ya kugusa mashine ya kukereza.

Mafunzo kwa vitendo huchukua wiki 8 mwishoni mwa kila mwaka, kwa miaka mitatu ya mwanzo, na yamepangwa kwa ngazi: mara ya kwanza unafanya kazi kama fundi, mara ya pili kama fundi sanifu, mara ya tatu kama mhandisi. Wengi huvuruga mpango huu kwa kukimbilia jina. Wanataka reli ya SGR au Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, tangu mwaka wa kwanza. Ni kweli kwamba miradi hiyo ni fahari, na mwaka wa tatu ukipata nafasi huko usiiache. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika mradi mkubwa huenda akamaliza wiki zote akiwa amevaa kofia ngumu na kutazama kwa mbali. Mwenzake wa uhandisi mitambo aliyekwenda kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Singida atafungua kinu kwa mikono yake, ataona jinsi parafujo ilivyolika, atabadilisha beringi na kukaza mkanda, kisha atasikia mwenye kiwanda akilalamika kwamba mafuta mengi yanabaki kwenye mashudu. Malalamiko hayo yanaweza kuwa mradi wake wa mwaka wa mwisho. Chagua mahali ambapo kazi itapita mikononi mwako. Piga hesabu ya nauli na chumba mapema, na peleka barua ya maombi wewe mwenyewe badala ya kumtuma mtu.

Daftari la kila siku la mafunzo ndilo litakalokuhukumu. Usiandike “leo tulimwaga zege” ukafunga. Andika zege lilikuwa la daraja gani, lilichanganywa kwa uwiano gani, lilichukua muda gani kufika kwenye nguzo, nani aliamua maji yaongezwe na kwa sababu gani, halafu chora kwa penseli jinsi nondo zilivyofungwa. Michoro ni muhimu kuliko sentensi, kwa maana mchoro hukulazimisha kurudi kutazama tena.

Nina sababu ya kusisitiza hili. Katika eneo moja la ujenzi nililofanyia mafunzo, nilipangiwa kusimamia vipande vya majaribio ya zege. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza: unajaza zege kwenye kalibu ya chuma ya milimita 150 kila upande, kwa tabaka tatu, ukishindilia kila tabaka kwa fimbo ya chuma; kesho yake unatoa mchemraba, unauandika tarehe, unauzamisha majini, na unaupeleka kupondwa kwenye mashine siku ya 7 na siku ya 28 ili kujua unabeba mzigo kiasi gani. Siku moja msimamizi aliniambia nijaze matokeo ya siku ya 28 kwa michemraba iliyokuwa bado iko ndani ya maji, kwa kuwa mshauri wa mradi alikuwa anakuja kesho. Nilikuwa na miaka 21 na niliogopa. Nilichofanya ni kuandika katika daftari langu tarehe ya kumwaga, idadi ya siku zilizopita, na maneno “haijapondwa”, kisha nikamwonyesha mhadhiri wangu alipokuja kunikagua. Alilichukua jambo hilo na kulipeleka panapohusika, na vipande vilipondwa kwa tarehe yake. Nawe yakikukuta, usibishane kwa sauti wala usikubali kuandika uongo. Andika ulichokiona, weka tarehe, na umweleze mwalimu wako siku hiyohiyo. Kuna watu watakaolala chini ya zege hilo.

Ukirudi Mlimani, usijifungie kwenye madarasa tu. Ndaki ina kituo cha kuendeleza na kuhawilisha teknolojia, na ina ofisi ya ushirikiano na viwanda, BICO, inayofanya kazi za ushauri wa kitaalamu kwa wateja wa nje. Kazi hizo huhitaji watu wa kupima, kuchora na kukusanya takwimu. Nenda na daftari lako la mafunzo mkononi, mwone mhadhiri anayehusika, na useme waziwazi unaweza kufanya nini. Wengi hawaendi kwa sababu wanadhani wataitwa.

Mradi wa mwaka wa nne uuchague kutokana na ulichokigusa. Mada inayotoka intaneti huishia kwenye makabati ya idara, ilhali kinu cha alizeti kinachopoteza mafuta kina mwenyewe anayesubiri jibu, naye atakuruhusu urudi kupima tena. Mwombe msimamizi wako akubali upime hali ilivyo kabla ya kubuni chochote.

Baada ya kuhitimu, jisajili mapema katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha uombe kuingia katika mpango wa mafunzo ya miaka mitatu unaokuandaa kuwa mhandisi mtaalamu. Humo utatakiwa kuandika taarifa za kazi ulizofanya chini ya mhandisi anayekusimamia, na yule aliyezoea kujaza daftari kwa ukweli tangu mwaka wa kwanza hataanza upya. Madaftari yako ya zamani yatunze. Langu la mwaka wa pili bado ninalo, na ukurasa wenye neno “haijapondwa” huwaonyesha vijana wanaokuja kwangu siku yao ya kwanza, kabla sijawakabidhi kalibu.