Kuzunguka Msitu wa Karura kwa baiskeli ya milimani: mwongozo kwa anayeanza

Shemeji yangu alinunua baiskeli ya mtumba akaniomba nimpeleke Karura, msitu ulio jijini Nairobi. Niliyomwambia nimeyaandika hapa, maana tangu siku hiyo kuna wengine walioniuliza hayo hayo. Mzunguko wenyewe ni wa kuingia lango A la Limuru Road, kuvuka msitu kuelekea upande wa Kiambu Road, kisha kurudi kwa njia nyingine. Ni kilomita 12 hadi 15, kutegemea utakavyokata kona.

Hatua ya 1: Baiskeli

Yoyote yenye gia zinazobadilika na breki zinazoshika. Ukiwa huna, za kukodi zipo humo msituni. Shokomzoba za mbele zinatosha; za nyuma kwa Karura ni kubeba uzito wa bure. Pima kiti hivi: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke.

Hatua ya 2: Vya kubeba

Helmeti, pampu ndogo, tyubu moja ya akiba, nyenzo mbili za plastiki za kutolea tairi. Maji yawe kwenye chupa ya kudumu: plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye misitu na mbuga za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020, na langoni utaulizwa. Kiingilio lipa kwa simu, usitegemee noti.

Hatua ya 3: Hewa, na pancha ikitokea

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo asubuhi nzima hupotelea.

Ubavuni mwa tairi pameandikwa kiwango cha juu cha hewa, mara nyingi psi (kipimo cha msukumo wa hewa) 50 au zaidi, na fundi wa mtaani atakujazia mpaka hapo kwa moyo mweupe. Mwombe aache. Tairi gumu hurukaruka juu ya mizizi na halishiki udongo. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi 2.2 na tyubu ndani aanze na psi 28 mbele na 30 nyuma. Mzito zaidi aongeze mbili tatu. Chini ya 25 usishuke: ukigonga mzizi, rimu itaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona hayo, usipoteze muda kutafuta mwiba. Hewa ndiyo ilikuwa kidogo.

Wapo wanaoapa kwa matairi yasiyo na tyubu, yenye maji ya kuziba ndani. Yana raha yake, lakini maji hayo hukauka baada ya miezi michache, na tairi likivuka rimu ukiwa njiani, kulikalisha tena kwa pampu ya mkono ni adhabu. Kwa anayeanza mimi nasema tyubu, na sibishani.

Sasa pancha yenyewe. Ikiwa ni gurudumu la nyuma, hamisha mnyororo kwenye gia ndogo kabisa kabla ya kulitoa. Kabla ya kufungua tairi, angalia maandishi yake yako wapi ukilinganisha na vali, upakumbuke. Ukishapata tundu kwenye tyubu, alama hiyo ndiyo itakayokuonyesha mwiba ulipo kwenye tairi. Anayeruka hatua hii hubadilisha tyubu, hupanda, na baada ya mita mia tyubu mpya nayo imelala. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Vidole hapana, isipokuwa unataka kuupata mwiba kwa damu.

Kurudisha tairi ndiko kunakowashinda wengi. Jaza tyubu hewa kidogo tu ipate umbo. Anza kuingiza ukingo wa tairi upande wa pili wa vali, ukisogea pande zote mbili, ili umalizie palipo na vali. Sentimita chache za mwisho ukingo utakataa. Hapo watu huchukua nyenzo, au mpini wa kijiko, wakalazimisha. Tairi huingia kweli, na tyubu hutobolewa papo hapo. Usifanye hivyo. Rudi upande ulioanzia, uuminye ukingo uzame kwenye mfereji wa katikati ya rimu, na uendelee kuuminya ukizunguka kuelekea kwenye vali. Nafasi unayoitafuta itatokea huko. Malizia kwa viganja. Kisha sukuma vali ndani kidogo iachie, kagua pande zote kwamba hakuna tyubu inayochungulia, ndipo upige pampu.

Kiraka mimi nabandika nyumbani. Kwaruza kwa msasa mpaka mng'ao uondoke, paka gundi pana kuliko kiraka, usubiri. Gundi inayong'aa haijawa tayari. Baada ya dakika tano hivi itafifia. Hapo bandika na ukandamize.

Hatua ya 4: Njia

Karura ina njia zaidi ya kilomita 50, na njia panda zina nguzo za namba. Piga picha ramani ya langoni na ufuate namba, simu iweke mfukoni. Anayeendesha huku anatazama skrini hauoni mzizi.

Mito ya huku inaelekea mashariki. Maana yake kwenda upande wa Kiambu Road kwa jumla ni kushuka, kurudi ni kupanda, tena ukiwa juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mgeni wa kutoka Mombasa ajihesabie hilo. Punguza gia kabla mlima haujaanza. Ukingoja mpaka miguu ikaze, mnyororo utalia na pengine kukatika. Kwenye mteremko simama juu ya pedali, makalio nyuma ya kiti, breki zote mbili kwa kidole kimoja kimoja. Kwenye mikaratusi angalia magome yaliyodondoka: yakilowa huteleza kuliko tope.

Maporomoko ya maji na mapango ya humu yana ngazi. Baiskeli iache juu, ushuke kwa miguu.

Usikate njia mpya. Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokuja kupanda miti hapa, wakati msitu ulipokuwa ukigawiwa wajenzi. Leo mikaratusi inaondolewa na miche ya asili inapandwa mahali pake, kisha mtu anapitisha tairi juu ya mche ili aokoe kona moja!

Hatua ya 5: Wapita njia

Kaa kushoto. Ukimkuta mtu mbele, punguza mwendo na useme mapema, "Samahani mzee, napita kulia." Kengele peke yake huwashtua watoto na mbwa.

Hatua ya 6: Kuosha

Udongo mwekundu ukikauka kwenye mnyororo hula meno ya gia. Osha siku hiyo hiyo kwa ndoo na brashi, usipige maji ya mpira kwenye ekseli, kwani yatasukuma grisi nje. Mnyororo ukikauka, tia mafuta tone moja kila kiungo, kisha futa yaliyobaki nje. Mafuta ya kupikia hapana, na oili chafu ya gari pia hapana.