Mafunzo ya Viongozi wa Familia za Wanajeshi: Namna Tunavyoyaandaa Likoni

Nawaandikia wale walioombwa kuandaa mafunzo ya viongozi wa familia za wanajeshi, wawe wake wa wanamaji wa Mtongwe, watu wa kambi ya Nyali, wajane, au wazee wetu waliostaafu. Mume wangu alitumikia Jeshi la Wanamaji la Kenya mpaka akastaafu. Nimeishi kwenye kota, nimehama na watoto mgongoni, nimekaa na wenzangu matangani. Siku hizi niko Likoni, Mombasa, na kazi ninayoipenda zaidi ni hii ya kuwaandaa wanaoshika nafasi baada yetu.

Mafunzo haya ni ya mazoezi. Mtu akiketi siku mbili kusikiliza hotuba za sifa za kiongozi bora, atarudi nyumbani na cheti. Mke wa mwenzake atakapompigia simu usiku akilia, cheti hakitamwambia aseme nini. Kwa hivyo kila saa ya ukumbini iwe inamtayarisha kwa simu ile.

Nani aitwe

Usichague kwa cheo cha mume. Jeshini mke huvishwa cheo cha bwana wake hata kama hakutaka, na mara nyingi wanaokaa viti vya mbele ni wake wa maafisa, ilhali mzigo wa kila siku unabebwa na wanawake wa kota za askari wa kawaida. Mimi hupita nyumba hadi nyumba na kuuliza swali moja: ukipata shida usiku, unamgongea nani mlango? Jina litakalorudi mara tatu nne, huyo ndiye kiongozi, awe amechaguliwa au la. Mwite.

Watu ishirini hadi ishirini na wanne wanatosha. Wakizidi, mazoezi yanageuka maonyesho. Hakikisha wamo wajane wasiopungua wawili, mstaafu mmoja au wawili, na mume wa mwanajeshi wa kike, kwa kuwa wanaume hao wapo nao hupweke vibaya mno. Mwite kasisi wa kambi na imamu wakae siku zote mbili kama washiriki. Akifungua kwa dua kisha akaondoka, siku ya msiba ataingia nyumba asiyoijua.

Ruhusa, mahali na siku

Barua ipitie kwa afisa wa ustawi ifike kwa kamanda wa kambi mapema, ikiwa na ratiba na majina ya watoa mada. Ikiwa wajane na wastaafu wanahudhuria, mimi napendelea ukumbi wa nje ya kambi. Geti linataka orodha ya majina na nambari za vitambulisho kabla, na mjane kusimamishwa getini mahali alipokuwa akiingia kwa heshima ni uchungu asiouhitaji. Mkifanyia ndani, picha zisipigwe.

Epuka Ramadhani, juma la kufungua shule, na mwisho wa mwezi. Anzeni saa tatu, si saa mbili, maana wa kisiwani na wa Nyali wana feri ya Likoni mbele yao. Wanaotoka upande wa Changamwe wapite Dongo Kundu. Chai na mahamri saa nne, pilau saa saba baada ya sala ya adhuhuri. Tafuta chumba cha watoto na mtu mzima wa kuwaangalia. Usipofanya hivyo, mama wenye watoto wachanga hawatakuja, na hao ndio ambao waume zao wako mbali sasa hivi.

Zoezi la habari mbaya

Hili lipe asubuhi nzima ya siku ya kwanza, watu wakiwa na nguvu.

Mimi huanza kwa kuwakumbusha tarehe. Oktoba 2011 vijana wetu waliingia Somalia kupigana na Al-Shabaab. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa. Tarehe 27 Januari 2017 ikawa kambi ya Kulbiyow, huko huko Somalia. Tarehe 5 Januari 2020 vita vikatufikia Pwani yetu wenyewe, kwenye kambi ya Manda Bay, kule Lamu. Baada ya El Adde picha za kutisha zilizunguka kwenye simu, na mtu aliweza kuziona kabla hajajua wa kwake yu hai au la. Siyataji haya kwa kutonesha vidonda. Kiongozi lazima aelewe kwamba uvumi utamfikia mke kabla ya afisa kufika, na yeye ndiye atakayeulizwa kwanza.

Kanuni ya kwanza: habari ya kifo inapelekwa na jeshi, kwa mguu, na afisa aliyetumwa akifuatana na kasisi au imamu. Kiongozi wa familia haipeleki, hata akiwa anaijua. Jeshi la nchi kavu la Marekani limekwenda mbali zaidi: afisa anayepeleka habari ni mmoja, na anayebaki na familia kwa makaratasi na mazishi ni mwingine. Naona wana busara. Uso ulioleta habari ile ni mgumu kwa mjane kuuzoea, na sisi viongozi tunahitaji kuwa uso utakaokaribishwa kesho na mwezi ujao.

Sasa wagawe watatu watatu. Mmoja awe mke aliyesikia uvumi, wa pili kiongozi, wa tatu atazame na kuandika. Mke apige simu: "Mama Asha, wanasema gari lao limelipuliwa. Wewe unajua. Niambie tu, dada."

Hapo ndipo wengi hukwama. Wako watakaodanganya kwa huruma: "Hapana, shemeji yuko salama." Wako watakaotoa dua kama ahadi. Wako watakaosema "jikaze", na neno hilo mimi nimelipiga marufuku ukumbini. Waache wajaribu, kisha wafundishe maneno mafupi wayashike: "Sina habari ya hakika, na sitakwambia nisilo na hakika nalo. Uko na nani hapo? Nakuja." Akikata simu ampigie afisa wa ustawi, kisha aende kweli. Akifika, akae. Mtazamaji aandike kiongozi alinyamaza kwa muda gani na ni nani aliyejaza kimya kile. Rudieni mpaka kila mtu amekuwa mke na amekuwa kiongozi. Wengine watalia. Simamisha, mpe maji, mwache atoke na mtu mmoja, msiendelee kana kwamba hakuna kitu.

Baada ya hapo fundisha saa za kwanza baada ya habari rasmi. Watoto wachukuliwe shuleni na mtu wanayemjua, na mwalimu apigiwe kabla hajafika. Simu ya mjane ishikwe na ndugu mmoja. Jiko liwashwe. Michango iandikwe kwenye daftari na watu wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa kikundi, kila shilingi, kwani ugomvi wa pesa za matanga hudumu kuliko matanga yenyewe.

Kota zetu zina kila aina ya watu. Kwa Mwislamu, watu watataka maiti izikwe haraka, na kuisubiri kutoka mbali ni mtihani kwa wazee; imamu awaeleze mapema. Mjane atakaa eda miezi minne na siku kumi, na huku makaratasi hayasubiri, basi sheikh aulizwe ni dharura zipi zinamruhusu kutoka na ndugu gani atamfuatia mambo ofisini. Kwa mwenzetu wa Machakos au Kakamega, maiti inasafiri na mjane anasafiri nayo, na mara nyingine anafika nyumbani kwa mume kukuta mke mwingine, au baba mkwe mwenye hesabu zake. Wafundishe viongozi jambo moja hapa: si kazi yako kuamua nani ni mjane halali. Wape wote chai, waheshimu wote, na suala lipelekwe kwa wenye mamlaka.

Bahasha

Mchana wa siku ya kwanza kila mshiriki awe amekuja na bahasha ya kaki kutoka nyumbani. Mwambie kwenye barua ya mwaliko. Ndani yake tunatazama: nakala za vitambulisho vya wote wawili, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nambari ya utumishi ya mwanajeshi, akaunti za benki na vyama vya akiba, hati za shamba au mkataba wa nyumba, na madeni. Madeni yasisahauliwe, ya dukani pia.

Wengi watagundua bahasha yao ni nyembamba. Usiwaaibishe, kwa wengi ni mara ya kwanza kuulizwa. Kisha waulize: kwenye kumbukumbu za jeshi, mume wako aliandika nani kuwa jamaa wa karibu? Vijana wengi hujaza jina la mama yao siku ya kuandikishwa, wakiwa bado hawajaoa, na karatasi ile hukaa vivyo hivyo hata baada ya watoto watatu. Haibadilishwi na mke. Inabadilishwa na mwanajeshi mwenyewe, akiwa hai, kwa ofisi yake. Kwa hivyo zoezi la jioni ile ni kumpigia bwana, au kumsubiri arudi kutoka baharini, na kuzungumza jambo hilo kwa upole. Fanyeni mazoezi ya mazungumzo hayo pia, kwani mume anaweza kusikia kwamba mkewe anangoja afe.

Mwite wakili au karani wa mahakama aeleze mirathi kwa lugha ya nyumbani. Viongozi wajue kwamba ombi la usimamizi wa mali ya marehemu hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kuna siku 30 za mwenye pingamizi kujitokeza, ili wasimwambie mjane kwamba mambo yataisha wiki ijayo. Wajue kwamba Waislamu wanaweza kwenda Mahakama ya Kadhi. Na wajue kumfukuza mlangoni mtu yeyote anayeahidi kuharakisha malipo ya uzeeni kwa "kitu kidogo".

Simu na vikundi vya WhatsApp

Hapa sichukui muda. Hakuna kuandika meli imeondoka lini, inarudi lini, bwana yuko wapi, wenzake wangapi. Hakuna kusambaza picha ya tukio, hata kwa kuuliza tu. Anayeileta afutwe ujumbe, apigiwe kwa faragha, aelezwe. Akirudia, aondolewe kikundini.

Siku ya kurudi

Siku ya pili asubuhi ni ya kurudi nyumbani, somo ambalo watu hulidharau kwa sababu linaonekana la furaha. Mke ameendesha nyumba peke yake miezi mingi: amelipa ada, amefukuza mwizi, amemzaa mtoto ambaye baba hajamwona. Bwana anaingia na kutaka kushika usukani siku ile ile. Mtoto anamkimbia. Wengine wanarudi na jambo jingine zaidi: hawalali, mlango ukigongwa kwa nguvu wanaruka, wanakunywa kuliko zamani, au wanakaa kimya mpaka nyumba nzima inaogopa kuzungumza.

Waliokwisha kupitia wasimulie, wakitaka, si kwa lazima. Mume wa mwanajeshi wa kike azungumze pia. Mara nyingi yeye husema yale ambayo wake huyaficha. Ushauri ninaoutoa ni mdogo: wiki mbili za kwanza msibadilishe utaratibu wa nyumba, msiite wageni wengi, na baba apewe kazi moja na mtoto, kama kumpeleka madrasa au shule, mpaka wazoeane.

Kisha weka mpaka. Kiongozi si daktari wala hakimu. Mtu asiyelala kwa wiki nyingi apelekwe kwa daktari wa kambi, na kasisi au imamu aambiwe ikiwa mwenyewe anakubali. Kukiwa na kipigo, usalama wa mama na watoto unatangulia siri ya kikundi na jina la kambi: nambari 1195 ni ya bure kwa dhuluma za kijinsia, 116 ni ya watoto. Waandike nambari hizo kwenye simu zao pale pale ukumbini, nawe ukague. Nimewasikia wanawake wakiambiwa wavumilie kwa sababu bwana "ametoka vitani". Kwenye mafunzo yangu ushauri huo hautolewi. Anayeumia kwa vita anastahili tiba, na mkewe anastahili kulala bila hofu, yote mawili.

Kukabidhi

Familia zetu huhamishwa. Leo uko Mtongwe, kesho Nanyuki au Gilgil, na kikundi kinachomtegemea mama mmoja kinazikwa siku lori linapopakia vitanda vyake. Kwa hivyo kila kiongozi aondoke ukumbini akiwa ameshataja msaidizi wake, na daftari moja la kikundi: nani anaishi wapi, nani mja mzito, nani ana mtoto mgonjwa, nani apigiwe kwanza. Siri za watu haziandikwi humo. Daftari hilo likabidhiwe mkono kwa mkono mbele ya mtu wa tatu.

Mwisho pangeni mnyororo wa simu, kila kiongozi na nyumba zake tano. Baada ya miezi mitatu waite tena kwa nusu siku, kila mmoja alete jambo moja lililomshinda, bila majina, mlifanyie zoezi pamoja. Kati ya hapo ujaribu mnyororo, jioni ya siku ya kawaida, bila kumwambia mtu: tuma ujumbe kwa wa kwanza, uone wa mwisho anaupata saa ngapi. Kiongozi ambaye nyumba zake hazikupata ujumbe umtembelee wiki ile ile, maana mara nyingi si uzembe. Amechoka, au nyumbani kwake kuna jambo.