Namna ya kufuatilia asili ya majina ya rangi katika Kimalei cha Ambon

Anza na sauti, maana bado. Kimalei cha Ambon, huko Maluku nchini Indonesia, hudondosha h na hugeuza m ya mwisho kuwa ng. Kwa hiyo ukisikia itang, irudishe kwanza: ni hitam ya Kimalei sanifu, yaani nyeusi. Puti ni putih, nyeupe.

Kisha tafuta ndugu wa mbali wa neno hilo, katika lugha zenye asili moja na Kimalei. Kifilipino kina itim na puti. Wamalagasi, jirani zetu, husema fotsy kwa nyeupe. Neno likijitokeza hivyo kote, asili yake ni ya kale sana, kabla ya meli yoyote ya Ulaya.

Ninalolipenda kuliko yote ni kuning, njano. Mzizi wake wa kale, kunij, ulikuwa jina la kiungo chenyewe cha manjano. Sisi nasi tumepita njia ileile, bila kuigana. Ukikuta jina la rangi, basi, uliza kwanza jikoni na shambani.

Lisilo na ndugu, litafute bandarini. Coklat, kahawia, ni chocolade ya Waholanzi, walioiteka Ambon kutoka kwa Wareno mwaka 1605.