Buibui Mkubwa Anapokataa Chakula Baada ya Kujivua Gamba

Anayefuga tarantula kwa mara ya kwanza hushtuka mara mbili. Mara ya kwanza ni pale anapomkuta buibui wake amelala chali, miguu ikiwa juu, akadhani amekufa, kumbe anajivua gamba. Mara ya pili huja siku chache baadaye, buibui akiwa amesimama tena, rangi yake imekolea na mwili umeongezeka, na mfugaji, akiamini kwamba mnyama aliyefunga majuma kadhaa hana budi kuwa na njaa, anamtilia nyenje mnono. Buibui anarudi nyuma, anainua miguu ya mbele, au anakimbilia shimoni. Mwongozo huu unahusu mshtuko huo wa pili. Ninauandika nikiwa Kisumu, magharibi mwa Kenya, ambako namtunza kwa kibali jike wa spishi ya Pterinochilus murinus, ambaye asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Suala la kibali si dogo: mwezi Mei 2025 wageni wawili waliokamatwa Naivasha wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, na mdudu aliyeokotwa porini bila ruhusa humwingiza mtu matatani hata kama nia yake ilikuwa njema.

Sababu kuu ya buibui kukataa chakula baada ya kujivua gamba ni kwamba bado hawezi kula. Gamba la buibui halifuniki nje peke yake, kwani linaingia pia mdomoni, kooni na hadi kwenye mfuko mdogo wa kufyonzea ulio ndani ya kifua, na sehemu hizo zote huvuliwa pamoja na la miguu na la chonge, yaani meno yake mawili ya kung'atia. Buibui hatafuni chakula chake kama sisi; humwagia windo majimaji ya kumeng'enya, kisha huufyonza uji unaotokea. Mfuko huo wa kufyonzea hutanuliwa na misuli iliyoshikizwa kwenye gamba la juu ya kifua, kwa hiyo gamba hilo likiwa bado laini, misuli haina mahali imara pa kujishikiza. Chonge nazo zikiwa laini haziwezi kutoboa hata nyenje mchanga, na buibui anayezilazimisha anaweza kuzipinda au kuzivunja. Anapokimbia windo, basi, anajilinda, na mfugaji anapaswa kumheshimu.

Tazama chonge, usihesabu siku

Wengi huuliza ni siku ngapi zipite kabla ya kulisha. Kwa makadirio, buibui mdogo ambaye miguu yake ikinyooshwa haizidi sentimita 3 huwa tayari baada ya siku tatu hadi tano. Aliyefikia ujana huchukua wiki moja au zaidi kidogo. Naye jike mzima huhitaji wiki mbili, na wa spishi kubwa anaweza kukaa wiki tatu hadi nne. Lakini makadirio hayo yanaweza kukupotosha, kwa sababu mwili hukauka na kukomaa kwa kasi inayotegemea ukubwa, spishi na joto. Alama ya kuaminika zaidi ni rangi ya chonge. Saa chache baada ya kujivua gamba huwa nyeupe kama maziwa. Baadaye huwa na wekundu, kisha hudhurungi, na mwishowe huwa nyeusi kabisa na zenye kung'aa. Usimlishe kabla hazijawa nyeusi, na zikishakuwa nyeusi subiri siku mbili tatu zaidi ikiwa ni buibui mkubwa.

Kuziona hakuhitaji kumshika, na hupaswi kumshika kamwe katika kipindi hiki, kwa kuwa mguu laini hunyofoka upesi na tumbo hupasuka kwa kuanguka kidogo tu. Ngoja usiku apande ukuta wa chombo chake, kisha umulike kwa kurunzi ya simu kutoka pembeni na kupiga picha ya upande wa chini kupitia kioo au plastiki. Picha ikikuzwa itakuonyesha rangi vizuri kuliko macho. Kwa buibui wa Kiafrika kama huyu wangu kuna sababu nyingine ya kuweka mikono mbali: ni mwepesi, hana subira, na uchungu wa kung'atwa naye ni mkali, ukifuatwa mara nyingi na mikakamao ya misuli.

Nililijifunza hili la chonge kwa hasara. Siku ya nne baada ya jike wangu kujivua gamba nilimtilia nyenje mkubwa, nikafunga kifuniko na kwenda kulala. Asubuhi nilikuta nyenje akiwa mzima na ncha ya mguu mmoja wa buibui ikiwa imetafunwa. Mguu huo ulirudi wenyewe katika gamba lililofuata, ukiwa mwembamba kidogo kuliko mwenzake, lakini sikusahau kwamba kwa siku hizo chache mwindaji ndiye anayeweza kuliwa. Kwa hiyo kabla ya kumwacha buibui apumzike, hakikisha hakuna nyenje, mende wala funza aliyejificha udongoni.

Maji kwanza

Katika siku za kungoja, chakula si muhimu. Maji ndiyo muhimu. Buibui hunyoosha miguu yake kwa msukumo wa majimaji ya mwilini, kwa maana viungo vikuu viwili vya kila mguu havina misuli ya kuvinyoosha. Kujivua gamba kunamaliza sehemu kubwa ya akiba hiyo ya maji. Weka kisahani cha maji safi kisicho na kina kirefu. Kwa buibui mdogo kifuniko cha chupa ya soda kinatosha. Usiweke sifongo, kwa sababu huoza na kufuga vijidudu. Lowesha pembe moja ya udongo bila kummwagia buibui mwenyewe, na uache matundu ya hewa wazi, kwani unyevu uliofungiwa bila hewa unaweza kumuua buibui.

Kipimo cha hali yake ni tumbo. Likiwa na upana unaolingana na kifua au unaozidi, ana akiba ya kutosha na anaweza kukaa bila kula kwa wiki nyingi. Majike wazima hufunga hata miezi kadhaa bila madhara. Likiwa limesinyaa, lina mikunjo na limekuwa dogo kuliko kifua, huo ni ukosefu wa maji kabla ya kuwa njaa. Akianza kukunja miguu chini ya mwili kama ngumi iliyofungwa, usingoje: msogeze taratibu kwa karatasi ngumu hadi mdomo wake uguse maji kwenye ukingo wa kisahani, huku tumbo likibaki nje, kwa kuwa mapafu yake yako upande wa chini wa tumbo na yanaweza kuzamishwa.

Hali ya hewa ya hapa kwetu

Ushauri mwingi unaosomwa na wafugaji uliandikwa kwa nyumba za Ulaya na Marekani zenye vipasha joto, na haufai kunakiliwa kama ulivyo. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa vuguvugu, hivyo buibui hukomaa kwa mwendo wa kawaida bila msaada. Nakuru iko juu zaidi, kwenye mita 1,850 hivi, na usiku wa Juni hadi Agosti huwa na baridi ya kumfanya mtu ajifunike blanketi mbili. Katika baridi hiyo, chonge huchelewa kuwa nyeusi na hamu ya chakula huchelewa zaidi. Anayeishi Nakuru, au katika miinuko kama Molo na Njoro, asistaajabu kumwona buibui akikaa wiki moja zaidi ya mwenziwe wa Kisumu. Mhamishie chumba chenye joto, mbali na sakafu ya saruji na dirisha, lakini usimweke juani ndani ya chombo cha kioo, kwani atakufa kwa muda mfupi.

Hatari kubwa zaidi katika nyumba zetu ni dawa za wadudu. Nakuru ni mji wa pareto, ua linalotengenezewa dawa ya wadudu, kwa historia yake, na kemikali zinazofanana na za pareto ndizo zinazotiwa katika dawa nyingi za kupuliza na katika koili nyingi za mbu. Kwa buibui ni sumu, na aliyetoka tu kujivua gamba hana ngao. Ukanda wa Ziwa Victoria una mbu na malaria, wala simshauri mtu aache kujikinga kwa ajili ya mnyama. Tumia chandarua, na chombo cha buibui ukiweke chumba ambacho hakiwashwi koili. Nyumba ikipuliziwa dawa ukutani, mhamishe siku kadhaa kabla, wala usimrudishe harufu ikiwa bado ipo. Buibui anayetetemeka, anayejikunja na kujikwaa baada ya nyumba kupuliziwa hakatai chakula kwa sababu ya gamba.

Mlo wa kwanza

Chonge zikishakuwa nyeusi, chagua windo dogo, lisilozidi nusu ya tumbo lake. Nyenje mchanga ndiye bora. Sisi wa magharibi tuna bahati, kwa kuwa ufugaji wa nyenje kwa chakula cha watu na cha kuku umeenea Siaya na Bondo, ambako Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kimekuwa kikiufundisha na kuutafiti. Waliofugwa ni salama kuliko wa kuokota shambani, kwa sababu huwezi kujua shamba lilipuliziwa nini juzi. Mende wa jikoni usimguse hata kidogo. Kumbikumbi wa msimu wa mvua huonekana kama zawadi, nami huwatumia iwapo wametoka katika kichuguu ninachokijua, tena wachache. Siku moja kabla ya kumlisha buibui, mlishe nyenje mwenyewe karoti au sukuma wiki iliyooshwa vizuri, kwani alichokula ndicho kitakachofika tumboni mwa buibui.

Mponde kichwa nyenje huyo ili asiweze kuuma, kisha umweke jioni karibu na mdomo wa shimo. Asubuhi mtoe ikiwa hajaguswa, wala usimwache aoze. Rudia baada ya siku nne au tano. Usimwekee kila usiku ukitumaini kwamba atabadili nia, kwa sababu usumbufu wenyewe humfanya ajifiche zaidi; na ukimkuta ameziba mlango wa shimo kwa utando na udongo, amekuomba umwache. Mlango ule usiubomoe.

Kukataa kunapokuwa dalili ya tatizo

Usitupe gamba lililovuliwa. Wageni wangu wamewahi kulidhania buibui wa pili, lakini kwa mfugaji ni hati ya uchunguzi. Lilainishe katika maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, ulikunjue kwa kijiti cha meno, na uhesabu: miguu minane, vipapasio viwili (vile viungo vifupi kama miguu vilivyo kando ya mdomo), chonge mbili. Tafuta pia utando mwembamba wa koo na wa ule mfuko wa kufyonzea, uliopaswa kutoka pamoja na kifua. Ikiwa sehemu hiyo ilibaki ndani, buibui ataonekana mwenye nguvu, atakamata windo, atalishika kwa saa nyingi, kisha atalidondosha bila kulipunguza. Kwa hali hiyo msaada ni mdogo: mpe maji na vipande vya nyenje aliyepondwa hadi majimaji yake yaonekane, na utumaini atafika gamba lijalo.

Akiwa amevunjika chonge moja, bado anaweza kula kwa ile nyingine. Akiwa hana hata moja, windo lililopondwa kabisa na kuwekwa mdomoni mwake humsaidia kuvumilia, na chonge mpya huota katika gamba lifuatalo. Akivuja majimaji ya rangi ya samawati hafifu kutoka kwenye jeraha dogo la mguu, nyunyizia unga laini wa wanga wa mahindi, ule wa kukolezea supu, ili kuziba. Ute mweupe mzito mdomoni unaoambatana na harufu mbaya ni jambo zito zaidi, kwa kuwa mara nyingi ni minyoo midogo isiyo na tiba; mtenge mara moja, choma udongo wake, na usitumie kisahani chake kwa buibui mwingine. Madaktari wa mifugo wa huku wamezoea ng'ombe na kuku, lakini hata hivyo waonyeshe picha na uwaeleze tarehe, kwa sababu jicho lililozoea wanyama huona mengi.

Kuna mmoja ambaye hatarudia kula kama zamani hata mambo yote yakiwa sawa, naye ni dume aliyejivua gamba la utu uzima. Utamtambua kwa vipapasio vyake, ambavyo ncha zake huwa zimevimba kama ngumi ndogo, na kwa miguu iliyorefuka huku tumbo likiwa dogo. Tangu hapo yeye hutafuta jike, hutembea usiku kucha, na maisha yake yaliyosalia ni ya miezi, pengine mwaka na kidogo. Mwekee maji kila siku na nyenje mdogo mara moja kwa wiki, umtoe asipomtaka. Katika daftari, pale ulipoandika tarehe ya gamba, andika kwamba ni dume, ili atakayemtunza ukisafiri asije akamlazimisha.