Kusafiri na gari na kupiga kambi nje ya nchi mkiwa na mtoto mdogo

Kabla ya mambo ya hema cheki leseni kwanza, kile kibali cha kimataifa cha kuendesha gari kiko cha mkataba wa usafiri wa barabarani wa 1949 na cha ule wa 1968 na si kila nchi inakubali vyote, mfano Japani inatambua cha 1949 tu, so uliza mapema. Siti ya mtoto lazima, na ile inayotazama nyuma usiifunge mbele kama eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) inafanya kazi, ikifumuka inaweza kumuua. Simameni kila masaa mawili hivi anyooshe miguu. Fikeni kambini mapema, kupiga hema gizani na mtoto analia usingizi ni shida. Na jamani jiko la gesi au mkaa msiwashe ndani ya hema hata mvua inyeshe vipi, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye moto haina harufu kabisa.